Uzio wa Kilangasi

Sogeeni niwape habari za nchi moja ambayo mimi binafsi sina ugomvi nayo. Jina lake sitalitaja, na si kwa woga. Lilibadilishwa mara tatu mwaka jana na bado sijaarifiwa ni lipi lililobaki. Ni nchi ya amani, yenye mvua ya kutosha na mikasi mingi.

Habari ya mikasi lazima niieleze mapema, maana bila mikasi hamtaelewa kilichompata Dokta Stumai Kilindo. Katika nchi hiyo jambo haliwi jambo kwa kutengenezwa. Linakuwa jambo kwa kuzinduliwa. Anakuja mgeni rasmi, bendi ya polisi inapiga, utepe unakatwa, watu wanapiga makofi na kula pilau, na kuanzia dakika hiyo jambo lipo. Linaandikwa kwenye Daftari Kuu la Mambo Yaliyozinduliwa, na likishaandikwa humo hakuna hakimu wala macho ya binadamu yanayoweza kulikanusha. Mto Sungwe una daraja la namna hiyo. Watu wanaosombwa na maji pale huandikwa kwamba wameanguka kutoka darajani kwa uzembe wao, na ndugu zao hupewa barua ya onyo. Hospitali ya rufaa ya upande wa mashariki ni utepe uliofungwa kwenye miti miwili, na nasikia wagonjwa wanaolazwa chini yake wanapata hewa safi kuliko wenzao wa hospitali zenye kuta. Mimi si mtaalamu wa afya, nasema nilivyosikia.

Stumai, yeye, alikuwa mtaalamu. Ila utaalamu wake uliwavunja mbavu wenzake wote pale chuo kikuu: usalama wa kimataifa na sera za silaha za nyuklia. Kwa lugha ya nyumbani, alisomea yale mabomu makubwa kuliko yote duniani. Nani anayo, nani anayataka, nani ameapa hatayatumia, na kiapo chake kina uzito gani. Nchi yenyewe haikuwa na bomu. Ilikuwa na mizinga miwili ya kupigia saluti, na ndani ya mmoja njiwa walikuwa wametaga. Kwa hiyo Idara ya Usalama wa Kimataifa ilipewa chumba kimoja nyuma ya jiko la kantini, na kwa miaka kumi na miwili Stumai alifundisha mikataba ya kupunguza makombora huku upande wa pili wa ukuta sufuria la maharage likitokota. Darasa lake likijaa sana lilikuwa na wanafunzi wanne, na wawili kati yao walikuwa wamefuata harufu.

Wahadhiri wenzake walimwita Mama Bomu.

"Mama Bomu, leo dunia inalipuka saa ngapi?" walimuuliza kwenye korido. "Nijue kama nianike nguo."

"Anika tu," aliwajibu. "Leo wamelala."

Alicheka nao kwa roho nyeupe. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini alichagua somo lile, naye hakuwahi kuwaambia.

Nitawaambia mimi. Baba yake, mzee Kilindo, alikuwa mchimbaji katika kijiji cha Kilangasi, zamani wageni walipokuja na mashine zao kuchimba mawe meusi mazito yaliyong'aa yakilowa. Wachimbaji waliambiwa ni mawe ya kutengenezea dawa. Walichimba kwa mikono mitupu, wakala chakula chao juu yake, wakarudi nyumbani na vumbi lake kwenye nywele. Mawe yalipokwisha, wageni walifunga mizigo wakaondoka, wakaacha shimo kubwa ambalo mvua ililijaza likawa bwawa. Halafu wachimbaji wakaanza kukohoa, mmoja mmoja, na kuzikwa kandokando ya bwawa, kwa sababu udongo wa pale tayari ulikuwa umechimbuliwa na ni laini.

Zamu ya mzee Kilindo ilipofika, Stumai alikuwa kidato cha nne. Alikaa karibu na kitanda akimpepea baba yake kwa daftari la jiografia.

"Wewe unasoma," baba alimwambia. "Hebu nitafutie jambo moja. Yale mawe yetu waliyapeleka wapi?"

"Nitakutafutia, baba."

"Si kwa ubaya. Nataka kujua tu. Mtu ukifanya kazi miaka kumi na minne unataka kujua ulikuwa unafanya nini."

Alifariki kabla matokeo ya mtihani hayajatoka. Stumai alilitafuta jibu kwa miaka tisa, katika vyuo vitatu, katika nchi zenye baridi ya kupasua midomo, na akaliandika katika tasnifu ya uzamivu yenye kurasa mia nne na kumi na mbili. Jibu lenyewe lingeweza kusemwa kwa pumzi moja. Mawe ya Kilangasi yalikuwa ndani ya kombora, kombora lilikuwa ndani ya shimo, na shimo lilikuwa katika nchi ya mbali, likilindwa kwa nyua tatu za chuma, mbwa, na askari wasiolala. Siku aliyopewa shahada alipanda ndege akarudi nyumbani, akaenda moja kwa moja bwawani, akapiga magoti pembeni ya kaburi akamwambia baba yake. Ndipo alipoinua macho akaona jambo ambalo miaka yote tisa halikuwa limempitia akilini. Kule mawe yalikokwenda kulikuwa na nyua tatu. Hapa yalipotoka hapakuwa na hata kigogo kilicholazwa kuzuia mbuzi.

Watoto walikuwa wakiogelea. Wanawake walikuwa wakichota. Maji ya bwawa lile yalikuwa meupe kupita maji yote ya wilaya ile, na wanakijiji waliyaonea fahari. "Hata chura hamna," walimwambia. Walisema kweli. Hapakuwa na chura, wala kiluwiluwi, wala ukungu wa kijani kwenye mawe, wala jani lililoota ukingoni. Stumai alitoa kipimo chake cha mionzi kwenye mkoba, akatazama mshale unavyokwenda, akakirudisha haraka kama mtu aliyeona jambo la aibu la mzazi wake.

Jioni hiyo alimwapisha mama yake, Bi Somoe, kwamba hatakunywa tena maji ya bwawani. Kulikuwa na chemchemi juu ya mlima wa Songwa, mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye magoti mazima. Bi Somoe hakuwa na magoti mazima.

"Nitapanda," alisema. "Kama wewe ulipanda ndege kwa ajili ya baba yako, mimi mlima utanishinda?"

Akapanda, kila siku, na alivyokuwa mtu wa maneno hakupumzika mpaka amewapandisha na majirani. Ila watoto waliendelea kuogelea, mbuzi kunywa, na wageni wapita njia kujaza madumu yao.

*

Stumai aliandika ripoti. Aliiita "Usalama wa Dunia Unaanzia Kilangasi," na pendekezo lake la kwanza lilikuwa jepesi hata kwa serikali: uzio wa chuma wa mita tatu kulizunguka bwawa, wenye vibao vya HATARI, USISOGEE. Wizara iliipenda ripoti. Ilikuwa na jalada zuri. Wizara ikaamua izinduliwe palepale Kilangasi.

Stumai aliihesabu siku ile kuwa ndiyo siku njema kuliko zote maishani mwake. Bendi ilikuja. Utepe mwekundu ulivutwa kutoka mti huu hadi ule, mbele ya bwawa. Bi Somoe alikaa safu ya mbele amevaa kanga mpya, amejikaza kisabuni asilie. Waziri wa wakati ule aliinua mkasi akasema, kwa sauti iliyowatisha mbuzi, "Naizindua rasmi ripoti hii, pamoja na yote yaliyomo ndani yake!" Bi Somoe alipiga vigelegele mpaka akakosa pumzi. Stumai aliyaandika yale maneno kwenye shajara yake, "pamoja na yote yaliyomo ndani yake," akayapigia mstari mara mbili. Aliamini ni ahadi.

Miaka kumi na moja ilipita. Aliandika barua sitini na nne kuuliza uzio utaanza kujengwa lini. Kila barua ilijibiwa, maana ile si serikali isiyo na adabu. Majibu yote yalisema: "Barua yako imepokelewa kwa furaha."

*

Basi ikatokea kwamba Mlezi Mkuu wa Taifa, Mkata Utepe Namba Moja, alikwenda kwenye mkutano wa marais wa dunia. Huko alikalishwa nyuma, karibu na mlango wa jikoni, na kila mhudumu aliyepita na trei alikigonga kiti chake. Alipotazama mbele aliona kwamba waliokaa karibu na maua wote walikuwa wana mabomu. Hakula. Alirudi nyumbani, akashuka kwenye ndege, akawaambia mawaziri waliojipanga kumpokea: "Nataka bomu kabla ya mkutano ujao."

Kesho yake Stumai aliitwa wizarani. Alimkuta Waziri mpya, Mheshimiwa Mkondya, mtu mnene mwenye uso wa upole, na Katibu Mkuu wake, Bi Hilda Mwakatoga, aliyekuwa akilijua Daftari Kuu kwa moyo.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, karibu Dokta, karibu mama yangu, kaa. Tumeambiwa wewe ndiye bingwa wetu wa mabomu."

"Mimi nasomea namna ya kuyazuia, Mheshimiwa."

"Safi kabisa. Daktari wa meno si ndiye huyo huyo anayeng'oa?"

Stumai alieleza kwa utaratibu, kama anavyoeleza darasani. Kwamba nchi ilitia saini mkataba wa kutomiliki silaha hizo milele. Kwamba hata kama isingetia saini, bomu lile linahitaji viwanda, wahandisi, na miaka ishirini.

"Huo mkataba tuliuzindua?" Waziri alimuuliza Bi Mwakatoga.

"Tuliuzindua, Mheshimiwa. Kulikuwa na ngoma."

"Basi upo, haukimbii. Tutazindua na bomu. Vyote viwili vitakuwepo." Akamgeukia Stumai kwa huruma. "Nani amekwambia tunataka kulitengeneza, Dokta?"

Akamwonyesha dirishani. Chini uani, mafundi wawili walikuwa wakilipaka rangi ya kijani ya jeshi tangi la maji la plastiki, lita elfu tano, na mmoja alikuwa akiliongezea mabawa ya bati.

"Tunachoomba kwako ni maneno machache siku ya uzinduzi," Waziri aliendelea. "Duniani huko wanakujua. Mtu kama mimi nikisema lipo, watacheka. Ukisema wewe, watatuhamisha kiti."

Ni kweli walimjua. Si wengi. Walikuwa wasomi kumi na wawili, wametawanyika katika nchi kumi na mbili, waliotumia maisha yao kuyahesabu mabomu ya dunia na kuwaambia watu ukweli wa idadi yake. Waliaminiana kama ndugu, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kutia chumvi. Mwaka uliofuata walikuwa wamchague Stumai kuwa mwenyekiti wao. Zaidi ya jina hilo hakuwa na kitu. Hakuwa na mume, wala watoto, wala nyumba mjini. Alilitazama lile tangi, akafungua midomo ili akatae. Kilichotoka kikawa kingine.

"Mheshimiwa, kuna uzio wa Kilangasi."

Bi Mwakatoga alikuwa ameshalifungua Daftari. "Uzio upo, Dokta. Ulizinduliwa miaka kumi na moja iliyopita, ndani ya ripoti. Chuma, mita tatu, vibao vya hatari. Uzio mzuri sana. Mlinzi wake amestaafu mwezi wa tatu, tulimfanyia sherehe, alilia."

"Mlinzi gani? Pale hakuna mlinzi."

"Ndiyo nakwambia, amestaafu."

"Dada Hilda, pale hakuna uzio. Mimi nimezaliwa pale."

"Usiseme hivyo," Bi Mwakatoga alisema kwa upole, na kweli alikuwa akimwonea huruma. "Uzio una hadi kesi. Kuna mwanamke anauruka kila Ijumaa. Somoe binti Hamisi, miaka sabini na miwili. Mita tatu, Dokta! Wazee wa zamani wana nguvu. Polisi wameshamwandikia onyo mara sita, tunamwonea huruma kwa umri."

Kila Ijumaa Bi Somoe alikwenda ukingoni mwa bwawa kufagia kaburi la mumewe. Hakuwahi kumwambia mwanawe habari ya polisi, asimtie wasiwasi na kazi zake.

Stumai alihesabu. Barua sitini na nne, na wote walikuwa wakizisoma wakimshangaa mwanamke anayeomba kitu alichokwisha kupewa. Ripoti yake ndiyo iliyouzuia uzio. Kama asingeiandika, kama bendi isingekuja, kama mama yake asingepiga vigelegele, huenda mtu mmoja angepita siku moja akaona bwawa lisilo na uzio akaweka hata miiba. Aliuma meno asilie mbele ya watu wale, na machozi yakatoka hivyohivyo.

"Nitasema," alisema. "Nitasimama niseme lipo. Lakini nataka uzio wa Kilangasi. Wa chuma. Wa kugusika kwa mkono."

"Wa pili?" Waziri alishangaa.

"Wa kwanza, Mheshimiwa."

"Tuandike wa pili," alisema Bi Mwakatoga, "tusilichafue Daftari." Wakaandika, wakatia saini wote watatu, na Waziri akamshika Stumai mkono kwa mikono yake yote miwili. Alikuwa mkweli katika jambo lile, mimi siwezi kumsingizia.

Kabla ya siku yenyewe Stumai alimpigia simu mama yake. Hakumweleza bomu. Alimwambia tu kwamba uzio utajengwa, wa kweli, na kwamba kwa ajili hiyo huenda akasema jambo moja la uongo mbele za watu.

Bi Somoe aliuliza: "Uongo wenyewe utamuua mtu?"

"Hapana, mama. Utaniharibia jina tu."

"Jina lako mimi nalijua," alisema Bi Somoe. "Litabaki kwangu."

*

Uzinduzi ulifanyika uwanja wa taifa saa nne asubuhi. Itifaki ilizingatiwa kwa saa moja na dakika arobaini. Walisalimiwa mawaziri, manaibu, wake wa mawaziri, wake wa manaibu, wakurugenzi, machifu, mabalozi, na mzee mmoja aliyekaa viti vya mbele kwa makosa. Bomu lilikuwa katikati, limefunikwa kitambaa, na utepe kiunoni.

Stumai alipanda jukwaani na karatasi aliyoandikiwa. Akaisoma nusu. Alipofika kwenye sentensi ya kuthibitisha, ulimi ulikataa. Aliwaona wale kumi na wawili, kila mmoja mbele ya kompyuta yake huko aliko, wanasikiliza. Akapiga moyo konde, akaiacha karatasi, akasema sentensi moja ya kwake, aliyoamini kwamba mwenye akili ataielewa na mjinga ataipigia makofi.

"Kwa utaalamu wangu wote," alisema, "ninathibitisha mbele ya dunia kwamba bomu hili lipo, sawasawa kama ulivyopo uzio wa Kilangasi."

Uwanja mzima ulisimama. Makofi yalidumu mpaka njiwa wakaruka kutoka kwenye mzinga. Mlezi Mkuu mwenyewe alishika kipaza sauti, macho yamelowa.

"Mmemsikia mtaalamu! Mimi nilikuwa silali, nikijiuliza bomu hili tutaliweka wapi. Kumbe kuna mahali pana uzio tayari, na mtaalamu wetu ameshapachagua. Bomu liende Kilangasi!"

Mkasi ukafunga midomo yake juu ya utepe. Stumai alikuwa bado jukwaani. Angesema nini? Kwamba uzio haupo? Alikuwa ametoka kuuapia mbele ya taifa.

Wale kumi na wawili hawakuielewa sentensi yake. Wangeielewaje? Hawakuwa wamewahi kufika Kilangasi, na kwao kitu kikiitwa uzio huwa ni uzio. Walimwandikia barua ya mistari mitatu, yenye adabu, isiyo na salamu mwishoni, wakalifuta jina lake. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa chini, na alipokaa alilia kwa sauti ambayo hakuwa ameilia tangu baba yake alipozikwa. Wapishi upande wa pili walipunguza redio.

Chuo, kwa upande wake, kilimpandisha cheo kuwa profesa kamili. Idara ikahamishiwa jengo la mbele, lenye zulia. Hakuna aliyemwita Mama Bomu tena. Alipopita kwenye korido wenzake walibana ukutani wakamwamkia, na wote walikuwa wakubwa kwake. Alikumbuka alivyokuwa akichekwa, akakuta kukosa vicheko vile kunamuuma.

*

Kule Kilangasi, askari walifika na lori na tangi lao, wakatafuta uzio. Ofisa wao alikuwa kijana mwenye akili. Alijua hawezi kuandika kwamba uzio haupo, maana huo ni uhaini, wala hawezi kuliacha bomu la taifa chini ya anga tupu, maana huo pia ni uhaini. Uzio wa pili ulikuwa umeidhinishwa, na vyuma vilikuwa kwenye lori. Ilibaki kuchagua mahali. Karibu na bwawa ardhi ilikuwa laini, na askari waliokunywa maji yale siku ya kwanza walitapika. Juu ya mlima wa Songwa kulikuwa na ardhi ngumu, upepo, na chemchemi nzuri.

Wakajenga vizuri, lazima niwasifu. Walijenga nyua tatu, moja ndani ya nyingine, wakaweka mbwa na zamu za askari wasiolala, kila kitu kama ilivyoelezwa katika ukurasa wa mia tatu na kumi na moja wa tasnifu ya Profesa Stumai Kilindo, ambayo jeshi lilikuwa limeichukua maktaba ili lisikosee. Hata vibao vilikuwa vya maneno yake mwenyewe. HATARI, USISOGEE. Bi Mwakatoga alimpigia simu siku hiyohiyo, kwa furaha ya mtu aliyetimiza neno.

"Profesa, uzio tayari! Nimeugusa kwa mkono wangu!"

Stumai alishukuru mpaka maneno yakamwishia. Alitaka kwenda kesho yake. Lakini Mlezi Mkuu alikuwa amealikwa mkutano mwingine, na mtaalamu alitakiwa nyuma ya kiti chake, safari hii karibu na maua. Baada ya huo ukaja mwingine. Kila alipompigia mama yake, mama alisema hajambo. Ilipita miezi mitano.

Alifika Kilangasi saa saba mchana. Gari lilipokata kona ya mwisho aliona chuma kikimetameta juani, na moyo wake ukaruka. Umejengwa! Ni kweli umejengwa! Ilimchukua muda kutambua kwamba alikuwa akitazama juu. Akateremsha macho polepole kutoka mlimani. Chini kabisa, bwawa lilikuwa limelala wazi, jeupe, na watoto watatu walikuwa wakirushiana maji.

Bi Somoe alimpokea mlangoni. Alikuwa amekonda mpaka kanga imemzunguka mara mbili, na mkono aliompa mwanawe ulikuwa mwepesi. Ila uso wake ulikuwa umejaa furaha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, marahaba, mama yangu. Pita ukae. Umeuona uzio wako?"

"Nimeuona."

"Mkubwa! Nilikwenda kaburini Ijumaa ile nikamwambia baba yako, nikasema mzee, mtoto amejenga. Hata wale askari wanakutaja. Wanasema huu ni wa Profesa." Aliingia ndani akikohoa, akatoka na bilauri ya wageni juu ya sahani, imefunikwa kisahani kidogo cha maua, kama alivyokuwa akiwafanyia wakaguzi wa shule zamani. "Kunywa kwanza. Umetoka mbali."

Stumai alifunua kisahani. Maji yalikuwa meupe kiasi kwamba uliona nyuzi za mkeka kupitia kwenye bilauri.

"Mama, haya ni maji ya wapi?"

Bi Somoe alijitengeneza kanga begani. "Ya wapi tena, mwanangu? Mlimani wamefunga. Nilipanda na ndoo yangu, nikawaambia wale vijana, wanangu, mimi nina kiapo na binti yangu, ya bwawani sinywi. Mmoja akanijibu kwa adabu sana. Akasema bibi, aliyesema mtu asisogee hapa ni huyo huyo binti yako. Akanionyesha na kitabu, jina lako nje, picha yako." Akatabasamu. "Nikaona basi, kama ameandika mwenyewe, anajua. Atakuwa amepima tena akaona yamepoa. Nikashuka nikawaambia na wenzangu."

 Stumai alitaka kumwambia mama yake kila kitu, tangu utepe wa kwanza. Alimtazama mikono, akamtazama shingo, akahesabu miezi. Mitano. Kazi yake ilikuwa kuhesabu, akajua hesabu hiyo inaishia wapi. Na Bi Somoe alikuwa amesimama mbele yake akingoja, kama anavyongoja mwenyeji, aone mgeni amekata kiu.

Akainua bilauri kwa mikono miwili akanywa yote.

"Matamu, mama," alisema.

"Masafi," alisema Bi Somoe, akipokea bilauri. "Hata chura hamna."